Siku Arobaini za Jambazi: Filamu za Magenge na Watazamaji Wake Katika Marekani

Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini. Aghalabu methali hii hutajwa kwa ajili ya siku yake ya mwisho, ile ya kukamatwa. Lakini ukiihesabu sawasawa utaona kuwa inakubali pia siku thelathini na tisa ambazo mwizi hula, huvaa na hutembea bila ya kuguswa. Filamu za magenge zilizotengenezwa Marekani tangu mwaka wa 1930 zimejengwa juu ya hesabu kama hiyo, ijapokuwa waliozitunga hawakuwa na habari ya methali yetu. Mtu wa hali ya chini huingia katika genge, hupanda, hutajirika, huogopwa, kisha huanguka. Kisa ni kile kile kizazi baada ya kizazi. Kilichobadilika ni namna siku zile arobaini zilivyogawanywa, na sababu ya mabadiliko hayo hupatikana kwa watazamaji kuliko kwa majambazi wenyewe.

Ni desturi kusema kuwa filamu ni kioo cha jamii. Usemi huo una kweli ndani yake, lakini wataka kuangaliwa kwa hadhari. Kioo huonyesha kile kilicho mbele yake, na aliye mbele ya filamu ni mtu aliyelipa kiingilio akaketi gizani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi filamu hizo zilivyobeba matamanio, hofu na lawama za mtu huyo katika nyakati mbalimbali.

Kwanza yafaa tutazame maneno. Neno jambazi katika Kiswahili humtaja mtu kwa uovu wake. Neno la Wamarekani humtaja kwa kundi lake: asili yake ni mtu wa genge. Tofauti hiyo si ndogo. Jambazi wa peke yake ni mwovu tu; mtu wa genge ana wakubwa na wadogo, ana mapato, ana mipaka ya eneo lake, na ana ngazi ya kupandia cheo. Kwa hiyo filamu hizi, tangu mwanzo wake, zimekuwa pia hadithi za kazi na biashara, na ndiyo maana watu wasiopata kuiba hata senti moja waliweza kujiona ndani yake.

Genge lilionekana katika filamu mapema. Mwaka wa 1912 D. W. Griffith alitengeneza The Musketeers of Pig Alley, filamu fupi ya bubu juu ya vichochoro vya New York. Lakini jambazi hakuwa mtu mashuhuri mpaka sheria ilipomfungulia soko. Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 1920, yalikataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza vileo, hayakukataza kunywa. Hivyo mnywaji alibaki raia mwema, na yule aliyemletea kinywaji akawa mhalifu. Kwa muda wa karibu miaka kumi na minne, mpaka katazo lilipofutwa tarehe 5 Desemba 1933, maelfu ya watu waheshimiwa walikuwa wateja wa magenge. Walipokwenda kumtazama jambazi katika sinema walikuwa wakimtazama mtu waliyempa riziki. Ben Hecht, aliyetunga kisa cha filamu Underworld ya mwaka wa 1927, alikuwa amefanya kazi ya uandishi wa habari mjini Chicago, na mambo ya mji huo aliyajua vema. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipigwa risasi na kuuawa ndani ya gereji mjini humo, na habari hizo zikasomwa nchi nzima.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo soko la hisa la New York lilianguka. Viwanda vilifungwa, mabenki yakafilisika, na kufikia mwaka wa 1933 yapata robo ya wafanya kazi hawakuwa na kazi. Katika shida hiyo zilitokea filamu tatu ambazo wataalamu wanaziona kuwa msingi wa aina hii: Little Caesar na The Public Enemy za mwaka wa 1931, na Scarface ya mwaka wa 1932. Mtu asiye na kazi aliona hapo mtu mwingine, asiye na elimu wala ukoo, akipata nguo mpya, gari na jina. Katika The Public Enemy lipo onyesho la fundi wa nguo akimpima kijana wa genge suti yake ya kwanza ya fahari. Katika Scarface lipo tangazo la taa linalong'aa juu ya mji, likimwambia kila apitaye kuwa dunia ni mali yake. Tangazo hilo ni la wakala wa safari, lakini jambazi analisoma kama ahadi aliyopewa yeye. Ahadi hiyo ndiyo iliyofundishwa kwa kila mtoto wa Marekani, ya kwamba mwenye bidii atapanda. Na mwaka wa 1932 wengi waliokuwa na bidii walikuwa wakishuka.

Wanalugha wana sababu yao ya kuzikumbuka filamu hizo. Sauti ilikuwa imeingia katika sinema tangu mwaka wa 1927, na waigizaji wengi wa mwanzo walisema kwa matamshi yaliyosafishwa, kama ilivyokuwa desturi ya jukwaa. James Cagney, mzaliwa wa New York, alisema kwa kasi na ukali wa mitaa yake. Basi lugha ya vichochoro, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya kudharauliwa, ilisikika sasa katika miji midogo ya wakulima kama lugha ya mtu anayetisha na kupendeza. Pamoja na sauti hiyo ulikuja mlio wa bunduki na wa magurudumu ya gari, ambao filamu za bubu hazikuweza kuutoa.

Watazamaji, tukiirejea methali, walilipia siku thelathini na tisa. Wakaguzi wa filamu walidai siku ya arobaini. Majimbo na miji kadha ilikuwa na mabaraza ya ukaguzi, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka wa 1915 filamu hazikuhesabiwa kuwa na uhuru ule waliopewa waandishi wa magazeti. Scarface ilizuiliwa mpaka ikaongezewa maneno chini ya jina lake, yakimwita jambazi aibu ya taifa. Iliongezewa pia onyesho ambamo mwenye gazeti anawahimiza raia wachukue hatua, na humo inasemwa kuwa watu hao wafukuzwe nchini kwa sababu wengi wao si raia. Hapo lawama ya pombe, risasi na rushwa iliwekwa juu ya mgeni. Sheria ya mwaka wa 1924 ilikuwa imekwisha kupunguza sana idadi ya wahamiaji kutoka kusini na mashariki ya Ulaya, na filamu ikatoa sura ya mtu aliyekatazwa. Ni jambo la kuzingatiwa kuwa Edward G. Robinson na Paul Muni, walioigiza majambazi wa Kiitalia, walikuwa Wayahudi wahamiaji, mmoja mzaliwa wa Bucharest na mwingine wa Lemberg. Kwa mtazamaji wa nyakati zile, mgeni mmoja aliweza kusimama mahali pa mwingine.

Wataalamu nao walishughulika. Mwaka wa 1933 Herbert Blumer alichapisha utafiti uliotumia maelezo ya vijana walioandika wenyewe jinsi filamu zilivyoingia katika maisha yao. Mwaka uliofuata, kuanzia Julai 1934, kampuni za filamu zilianza kuitekeleza kwa ukali kanuni ya maadili iliyokuwa imeandikwa tangu mwaka wa 1930. Mwezi huo huo jambazi John Dillinger alipigwa risasi na maofisa wa serikali mjini Chicago alipokuwa akitoka katika nyumba ya sinema, na filamu aliyokuwa ameitazama, Manhattan Melodrama, ilikuwa ya jambazi. Hata mhalifu mwenyewe alikuwa mtazamaji.

Baada ya hapo siku ya arobaini ilipewa nafasi kubwa zaidi. Katika filamu "G" Men ya mwaka wa 1935 Cagney yule yule, mwenye kasi ile ile na bastola mkononi, ni ofisa wa upelelezi. Katika Angels with Dirty Faces ya mwaka wa 1938 amerudi kuwa jambazi, lakini padre rafiki yake anamwomba ajifanye mwoga anapopelekwa kwenye kiti cha umeme, ili watoto wa mtaani wasimwige. Ombi hilo ni ungamo la wenye filamu wenyewe: walijua kuwa watoto waliokuwa ukumbini wanamhusudu.

Tusidhani kuwa watazamaji walikuwa wa namna moja. Katika majimbo ya kusini Wamarekani weusi waliketi mbali na weupe au walikuwa na nyumba zao za sinema, na katika filamu kubwa walijiona kama watumishi tu. Mwaka wa 1937 ilitengenezwa Dark Manhattan, ambamo Ralph Cooper aliigiza kijana mweusi anayepanda katika biashara ya bahati nasibu ya magendo huko Harlem. Kisa kilikuwa kile kile cha kupanda na kuanguka. Lakini mtu ambaye nchi yake ilimnyima hata nafasi ya kuwa mwovu mkubwa katika filamu alikiona kwa jicho jingine.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia neno genge lilianza kuachia nafasi neno shirika. Kati ya mwaka wa 1950 na 1951 kamati ya Seneti chini ya Estes Kefauver ilichunguza uhalifu, na baadhi ya vikao vyake vikaonyeshwa katika televisheni. Frank Costello alikataa uso wake usionyeshwe, hivyo wananchi waliona mikono yake tu ikihangaika. Mikono isiyo na uso ni mfano mwema wa hofu ya miaka ile. Katika The Big Heat ya mwaka wa 1953 mkuu wa wahalifu anakaa katika nyumba ya kifahari kama mwananchi mtukufu, na uovu wake umeingia mpaka katika polisi. Robert Warshow alikuwa amekwisha kuandika mwaka wa 1948 kuwa katika jambazi Mmarekani huona shida yake mwenyewe: kufanikiwa humtenga mtu na wenziwe, na kutengwa huko humwua, lakini kushindwa nako ni mauti.

Televisheni iliwabakiza wazazi nyumbani, na nyumba za sinema zikazidi kuwa za vijana. Kwao ndiko ilikokwenda Bonnie and Clyde ya mwaka wa 1967, juu ya wanyang'anyi wa mabenki waliouawa mwaka wa 1934. Bosley Crowther wa New York Times aliilaani; Pauline Kael aliitetea. Ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na vijana wengi walikuwa wamepoteza imani na wakuu wao. Siku ya arobaini ikawa kama matanga: risasi zinamiminika, na mtazamaji anawalilia wahalifu. Mwaka wa 1968 kanuni ya maadili iliondolewa, ukawekwa utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji.

Kisha neno likabadilika tena. Chama cha Wamarekani wa asili ya Kiitalia kilipinga kutengenezwa kwa The Godfather, na filamu ilipotoka mwaka wa 1972 neno Mafia halikuwamo. Badala yake ilitumia maneno familia na biashara. Mabadiliko hayo yalifanywa ili kutuliza malalamiko, lakini yaliongeza maana. Familia ilimpendeza mtazamaji aliyeona jamii ikivunjika, na biashara ilimweleza kuwa tofauti kati ya genge na kampuni ni ndogo kuliko alivyofundishwa. Siku ya arobaini haikufika kabisa: Michael Corleone anabaki hai mwenye enzi, na mlango unafungwa mbele ya uso wa mkewe. Katika sehemu ya pili, ya mwaka wa 1974, adhabu yake ni kukaa peke yake.

Wahamiaji wapya walipokuja, kisa kiliwapokea. Scarface ya mwaka wa 1983 ilimgeuza jambazi kuwa Mkuba aliyefika Florida katika msafara wa mashua wa mwaka wa 1980, na pombe ikawa kokeini. Katika Goodfellas ya mwaka wa 1990 siku ya arobaini ni kuhamishiwa katika nyumba ya kawaida kwa ulinzi wa serikali, na kulalamika kuwa mtu wa kawaida: adhabu ya jambazi ni maisha ya mtazamaji. Mwaka wa 1991 John Singleton, mwenye umri wa miaka 23, alionyesha katika Boyz n the Hood mtaa wa watu weusi wa Los Angeles ambamo siku ya arobaini humwangukia kijana asiyeiba chochote. Watazamaji waliokaa mitaa kama hiyo hawakuwa na haja ya kuonywa. Walikuwa na haja ya kuonekana. Kati ya mwaka wa 1999 na 2007 The Sopranos ilimleta jambazi sebuleni kwa televisheni, akiwa baba anayemwendea daktari wa akili. Katika sehemu ya mwisho kioo kilizimika ghafula, na mtazamaji akaachiwa ahesabu siku mwenyewe.

Mwenye kuzichunguza filamu hizi asizitumie kama ushahidi juu ya Waitalia, Wakuba au watu weusi, ambao wengi wao waliishi kwa jasho lao na wakalipa gharama ya sura walizopewa. Ushahidi zilio nao ni juu ya wale waliokaa gizani: walitaka kupanda, waliogopa kuanguka, na kila kizazi kilihitaji mtu wa kupanda na kuanguka kwa niaba yake. Mpanda ngazi hushuka, husema methali nyingine. Wamarekani walilipa kiingilio ili waone kushuka huko kukiahirishwa, na kila kizazi kiliongeza siku ya kuahirisha.