John Kilaka, Mwandishi na Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

Watoto wa Mafia hawakosi mambo ya kuchora. Huko Kilindoni huona mashua na majahazi yakitweka tanga. Kisiwani Chole huona popo wakubwa walioning'inia mitini mchana kutwa, hata jioni wakaruka kwenda kutafuta matunda. Na wakati wa kaskazi papa potwe, aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, huja karibu na pwani. Tena wazee wana hadithi zao, na baadhi yao husimulia habari za mji wa Kua, ambao magofu yake yako Juani. Walakini hadithi ikikaa katika kinywa cha mzee mmoja tu, siku afapo mzee huyo nayo huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo yafaa kujua jinsi hadithi iwezavyo kutolewa kinywani ikatiwa kitabuni, pamoja na picha zake. Mtanzania mmoja aliyeifanya kazi hiyo ni John Kilaka.

Kilaka alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, katika nchi ya Wafipa, mbali sana na bahari. Tangu utoto alipenda kuchora. Alipokuwa kijana alikwenda Dar es Salaam, na huko akajifunza uchoraji uitwao Tingatinga.

Uchoraji huo uliitwa kwa jina la mtu aliyeuanzisha, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Huyu hakufundishwa kuchora katika shule yo yote. Mnamo mwaka 1968 alianza kupaka picha juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa rangi zing'aazo za kupakia baiskeli, maana vitu hivyo vilipatikana kwa bei nafuu. Alichora ndege, chui, tembo na wanyama wengine, akaziuza picha zake kwa wapitao. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa na rafiki zake, nao wakawafundisha wengine. Kama angalificha ujuzi wake, ungalikufa siku ile ile aliyokufa yeye.

Kilaka aliuchukua uchoraji huo akautia katika vitabu vya watoto. Wanyama wake huvaa nguo, huchukua mizigo, hupika na kwenda sokoni kama watu. Mtoto akimwona mnyama aliyevaa nguo hucheka kwanza, ndipo afahamu kwamba zinazosimuliwa ni habari za wanadamu.

Katika kutafuta hadithi, Kilaka alisafiri vijijini akaketi na wasimulizi, akawasikiliza. Kitabu chake kimoja, kilichotoka mwaka 2009, chasimulia habari za mti wa ajabu. Jua lilikuwa kali, na wanyama walikuwa na njaa. Palikuwa na mti uliojaa matunda mabivu, lakini matunda hayakuanguka. Sungura alitaka kwenda kwa Kobe mwenye hekima kuuliza shauri, lakini wakubwa walimdharau kwa kuwa ni mdogo, wakaenda wenyewe. Kobe aliwaambia kwamba yapasa kuutaja mti kwa jina lake. Lakini njiani, katika kurudi, walilisahau jina lile. Mwisho Sungura akaenda, akalisikia jina, akalishika moyoni mpaka alipofika mtini. Alipolitaja, matunda yakaanguka, wote wakala.

Sungura hakuwashinda wenziwe kwa nguvu, bali kwa kusikia neno na kulifikisha bila kulipoteza. Na kazi ya mwandishi wa hadithi za wazee ndiyo hiyo hiyo.

Kitabu cha picha kina utaratibu wake. Vingi huwa na kurasa 32, na sababu yake ni rahisi. Karatasi moja kubwa ikipigwa chapa pande zote mbili, kisha ikakunjwa mara tatu na kukatwa kingo, hutoa kurasa 16. Basi karatasi mbili hutoa kurasa 32. Mwanafunzi aweza kujaribu kwa karatasi ye yote aliyo nayo, na kuhesabu. Kwa kuwa kurasa ni chache, mwandishi hana budi kuigawanya hadithi yake vizuri, ili kila ukurasa uwe na jambo lake, na msomaji apate hamu ya kufunua ukurasa unaofuata.

Tena maneno na picha hugawana kazi. Katika kitabu kingine cha Kilaka, Panya aliweka akiba ya chakula, na rafiki yake Tembo akamshawishi aiweke katika nyumba yake kubwa. Njaa ilipokuja, Tembo akamnyima. Katika hadithi kama hiyo maneno yaweza kusema tu kwamba mlango ulifungwa. Picha ndiyo iwezayo kuonyesha ukubwa wa mmoja na udogo wa mwenziwe, na huzuni ya yule aliyeachwa nje. Mchoraji arudiaye yaliyokwisha kusemwa na maneno amepoteza nafasi yake bure.

Pana jambo moja la kufikiri. Kitabu cha kwanza cha Kilaka, kisimuliacho habari za mvuvi na samaki wake, kilipigwa chapa kwanza Uswisi, mwaka 2001, kwa Kijerumani. Hivyo watoto wa nchi za mbali walizisoma hadithi za Tanzania kabla ya watoto wengi wa Tanzania wenyewe. Kwa sababu ya upungufu wa namna hiyo, mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwa umekwisha kuanzishwa Dar es Salaam, ili vitabu vya Kiswahili viandikwe, vipigwe chapa na kufikishwa mashuleni. Lakini mradi hauwezi kupiga chapa hadithi isiyoandikwa na mtu.

Basi mwanafunzi wa Mafia apendaye kazi hii aanze na yale ayajuayo. Akitaka kuchora jahazi, na alitazame kwanza, ajue omo na tezi, na namna foromali inavyofungwa mlingotini. Maana mabaharia watamcheka akikosea. Akitaka hadithi, na aende kwa bibi au babu yake, asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, aulize majina ya watu na mahali, kisha aandike siku ile ile kabla hajasahau. Waswahili husema, akiba haiozi. Chakula cha akiba huliwa kikaisha, bali hadithi iliyowekwa vema huwashibisha hata wajukuu ambao hawajazaliwa.