Meno Yanapoota, Tusiyasingizie Homa

"Mbona mtoto ana joto?" "Ah, dada, ni meno tu."

Akina mama wapendwa, maneno haya tunayasikia mara nyingi hapa Mpanda, kliniki, sokoni, hata tukitoka ibadani. Sisi tunaouguza watoto yanatutia hofu, kwa sababu nyuma ya hayo "meno" tumekuta malaria mara nyingi.

Dalili za meno

Watoto wengi huota jino la kwanza wakiwa na miezi sita hivi. Wengine huanza mwezi wa nne, wengine hufikisha mwaka, na wote ni wazima. Kwa kawaida hutangulia mawili ya mbele ya chini. Akifika miaka mitatu, mtoto huwa na meno yote 20 ya utotoni.

Jino likikaribia kutoka, ufizi huvimba na kuwa mwekundu. Mtoto hutoa mate mengi, hutafuna kila anachoshika, hulialia na hulala vibaya. Joto laweza kupanda kidogo tu. Baada ya siku chache hutulia.

Homa na kuharisha vinatoka wapi?

Tuangalie umri wenyewe. Karibu na miezi sita, kinga aliyopewa na mama yake akiwa tumboni huwa imepungua. Ndipo anapoanza uji, anapotambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Vijidudu na meno hufika wakati mmoja, lakini linaloonekana ni jino. Na hapa Katavi kwenye mabonde ya mpunga, mbu nao hawako mbali.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miezi minane mwenye homa ya siku tatu. Alikuwa akisubiri jino litoke. Tulipompima tulikuta malaria. Jino lilikuwa linachungulia kweli, ila halikuwa na kosa. Mtoto alitibiwa akapona, lakini siku tatu ni nyingi mno kwa mtoto mchanga.

"Meno ya plastiki"

Tangu miaka ya 1980 imevuma Tanzania habari ya meno ya plastiki, au ya nailoni. Mtoto mwenye homa au anayeharisha hufunguliwa kinywa, ukaonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, ukaitwa ugonjwa. Kisha hung'olewa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli.

Mama, meno ya plastiki hayapo. Uvimbe ule ni chonge changa ambalo bado ni laini. Kuling'oa huweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na hata kifo, na huweza kuharibu jino la ukubwani. Ugonjwa wenyewe hubaki palepale.

Tumsaidieje mtoto?

- Nawa mikono kwa sabuni, kisha umsugue ufizi polepole kwa kidole.
- Mpe atafune kitambaa safi kilicholowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Usimwache peke yake nacho.
- Mfute mate mara kwa mara asitoke vipele kidevuni.
- Endelea kumnyonyesha.
- Usimpake dawa ya ganzi wala kumpa aspirini. Akisumbuka sana, muulize mhudumu wa afya kipimo cha parasetamo kinachomfaa.
- Jino likishatoka, lisafishe kila siku.

Usisubiri

Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mwili ukichemka. Fanya hivyo pia akiharisha, akitapika, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege. Anayeharisha aanze kunyweshwa ORS nyumbani, na zahanati atapewa zinki.

Twajua si rahisi kumpinga mama mkwe, au kuliacha shamba wakati wa palizi. Lakini bibi akisema, "Ni meno tu," tumjibu kwa heshima: "Huenda ni kweli, mama. Ila tukapime kwanza."