Jinsi ya Kuipima Timu Kabla ya Msimu Mpya

Kila mwaka, majuma machache kabla ya ligi kufunguliwa, wapenzi wa mpira hubishana juu ya timu itakayoshinda na ile itakayoshuka daraja. Mmoja hutaja majina ya wachezaji wapya walionunuliwa. Wa pili huhesabu fedha zilizotumika. Wa tatu hutaja kombe lililopatikana mwaka uliopita, akaona kwamba shauri limekwisha. Maneno haya yaonekana kuwa ni ya kujifurahisha tu, lakini matokeo yake si ya mchezo. Wako watu wanaopoteza fedha za nyumbani katika kamari kwa kuyaamini, na wako mameneja wafukuzwao kazini kwa sababu hawakutimiza ahadi ambayo tangu mwanzo haikuwa na msingi.

Basi, je, timu yaweza kupimwa kabla haijacheza? Yaweza, ikiwa mpimaji ajua atazame nini. Mfano ulio wazi sana ni habari za Ipswich Town, klabu ya mji wa Ipswich katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza. Mwezi wa Agosti 1961 timu hiyo ilidharauliwa kupita kiasi. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1962, wengi walikuwa na haki ya kuitarajia makuu, nao wakakosea tena. Lakini wachezaji walikuwa karibu ni wale wale.

TIMU ISIYOTAZAMIWA

Ipswich iliingia katika Ligi ya Uingereza mwaka wa 1938 tu, wakati ambapo vilabu vingine vilikwisha cheza humo kwa miaka hamsini. Mwaka wa 1955 ilikuwa katika Daraja la Tatu, upande wa Kusini, ndipo ilipomwajiri Bwana Alf Ramsey kuwa meneja. Bwana Ramsey alikuwa beki wa Tottenham Hotspur walipotwaa ubingwa mwaka wa 1951, tena alikuwa ameichezea Uingereza mara 32. Mwaka wa 1957 Ipswich ilipanda Daraja la Pili, na mwaka wa 1961 ikapanda Daraja la Kwanza kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Katika Daraja hilo zilikuwamo timu 22. Kila timu ilicheza mara 42, ikapata pointi mbili kwa kila ushindi na moja kwa kila sare, na timu mbili za mwisho zilishushwa. Watu wengi waliona kwamba Ipswich itakuwa mojawapo ya hizo mbili. Sababu zao zilikuwa tatu: timu ilikuwa ngeni, mji wenyewe ulikuwa mdogo, na wachezaji wake hawakuwa na majina. Gharama ya kuwanunua wachezaji wote wa kikosi chake ilikuwa kiasi cha pauni 30,000 tu. Mchezaji mpya aliyenunuliwa kwa ajili ya msimu huo, Doug Moran wa Falkirk huko Scotland, alipatikana kwa pauni 12,300. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Tottenham walilipa pauni 99,999 kwa mtu mmoja, Jimmy Greaves.

Mwanzo wa msimu ulionekana kuwathibitisha wenye dharau. Ipswich walitoka sare na Bolton bila goli, kisha wakafungwa mara mbili mfululizo. Hata hivyo, tarehe 28 Aprili 1962 waliifunga Aston Villa 2-0, magoli yote mawili yakitiwa na Ray Crawford, wakawa mabingwa wa Uingereza kwa pointi 56. Burnley walikuwa wa pili kwa pointi 53, na Tottenham, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, wakawa wa tatu kwa pointi 52.

SIRI ILIYOKUWA WAZI

Usione vyaelea, vimeundwa. Ushindi huo haukuwa bahati, wala haukutengenezwa kwa mwaka mmoja. Kwa miaka sita Bwana Ramsey alikuwa akiwachagua watu kwa kufaa kwao kwa kazi aliyoikusudia, si kwa sifa zao magazetini.

Ili kufahamu kazi hiyo, yafaa kukumbuka jinsi mpira ulivyochezwa zamani zile. Kila beki wa pembeni alikuwa na mtu wake, yaani winga wa upande wa pili, naye alimfuata na kumkaba. Winga alikimbia karibu na mstari mpaka mwisho wa uwanja, kisha akaupiga mpira katikati. Lakini winga wa kushoto wa Ipswich, Jimmy Leadbetter, hakufanya hivyo. Alikuwa na umri wa miaka 33, mwembamba, wala hakuwa na mbio. Bwana Ramsey alimwambia arudi nyuma, akae karibu na katikati ya uwanja.

Hapo beki wa wapinzani aliingia katika mashaka. Akimfuata Leadbetter, aliacha nafasi kubwa nyuma yake, na washambuliaji wa Ipswich waliikimbilia. Asipomfuata, Leadbetter alibaki peke yake na mpira, akiutazama uwanja wote na kuchagua pa kuupeleka. Upande wa kulia Roy Stephenson naye aliweza kuucheza mchezo wa namna hiyo. Mipira yao mirefu iliwafikia Crawford na Ted Phillips, mtu aliyejulikana kwa nguvu za mateke yake. Katika ligi ya msimu huo Crawford alitia magoli 33 na Phillips 28. Yaani wawili hao walitia 61 katika magoli 93 ya timu nzima.

Twaona basi kwamba waliotabiri mwaka wa 1961 walihesabu bei na majina, lakini hawakuuliza kama wachezaji walifahamiana, wala kama mpango wao ulikuwa na dawa. Tena mambo haya hayakufichwa. Timu hiyo ilikuwa imetoka kushinda Daraja la Pili mbele ya macho ya watu.

MWAKA ULIOFUATA

Mwezi wa Agosti 1962 Ipswich walikuwa mabingwa, na nafasi ya kucheza Kombe la Mabingwa wa Ulaya ilikuwa mikononi mwao. Mtu atazamaye kombe peke yake angeona kwamba mambo yatazidi kuwa mema. Lakini dalili nyingine zilikuwapo.

Ya kwanza ilionekana tarehe 11 Agosti, katika mchezo wa Ngao ya Hisani uliochezwa nyumbani kwa Ipswich. Meneja wa Tottenham alikuwa Bwana Bill Nicholson, aliyecheza pamoja na Bwana Ramsey katika timu ya mabingwa wa 1951. Msimu uliopita Ipswich walikuwa wamemfunga mara mbili katika ligi. Safari hii aliwaamuru mabeki wake wa pembeni waingie ndani kuwalinda Crawford na Phillips, na wachezaji wake wa katikati ndio wawakabe Leadbetter na Stephenson. Tottenham walishinda 5-1. Siri ilikuwa imefichuka, na vilabu vingine vikajifunza.

Ya pili ilikuwa umri. Leadbetter alikuwa ametimiza miaka 34, na damu mpya ilikuwa chache. Ya tatu ilikuwa kiongozi mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1962 Bwana Ramsey alichaguliwa kuwa meneja wa timu ya taifa ya Uingereza, kazi ambayo baadaye aliishika kikamilifu.

Katika Kombe la Ulaya Ipswich waliwashinda Floriana wa Malta kwa jumla ya magoli 14-1, kisha wakatolewa na Milan wa Italia, ambao mwishowe walilichukua kombe hilo. Katika ligi walimaliza wa 17. Mwezi wa Septemba 1963 Crawford aliuzwa kwa Wolverhampton Wanderers. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka huo, Fulham waliwafunga 10-1. Msimu ulipokwisha mwaka wa 1964, Ipswich walikuwa wa mwisho kabisa, wamefungwa magoli 121, wakashushwa daraja. Ilikuwa miaka miwili tu tangu wawe mabingwa. Naye Bwana Ramsey, kwa upande wake, aliiongoza Uingereza kulitwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1966.

JAMBO LILILORUDI

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya zamani tu. Leicester City walimaliza wa 14 katika ligi ya 2014-15, na mwanzo wa msimu uliofuata wenye kamari wa Uingereza walikuwa tayari kulipa pauni 5,000 kwa kila pauni moja iliyowekewa ubingwa wao. Mwezi wa Mei 2016 Leicester wakawa mabingwa kwa pointi 81. Kisha N'Golo Kanté, kiungo aliyekuwa nguzo yao, akauzwa kwa Chelsea. Meneja wao, Claudio Ranieri, akaondolewa kazini Februari 2017. Na timu ikamaliza ya 12. Kudharauliwa kwanza na kutazamiwa makuu baadaye: njia ilikuwa ile ile.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa hiyo atakaye kuipima timu kabla ya msimu na ajiulize maswali haya. Kwanza, wachezaji hawa wamecheza pamoja kwa muda gani, na kila mmoja anaijua kazi yake? Pili, walio nguzo za timu wana umri gani, na wako vijana wa kushika mahali pao? Tatu, mchezo wao una jambo ambalo wapinzani hawajapata dawa yake, au dawa imekwisha patikana? Nne, yule aliyeijenga timu angalipo, na atabaki? Majina, fedha na kombe la mwaka jana yana thamani yake, lakini yapasa kutazamwa baada ya maswali hayo, si kabla.

Mkulima mwenye akili hakadirii mavuno kwa kutazama ghala iliyojaa mahindi ya mwaka jana. Huenda shambani akaangalia udongo, mbegu na mikono itakayolima. Hata hivyo mvua ni ya Mungu, na mpira nao una siku zake. Mpimaji aliye hodari aweza kukosea. Lakini akikosea baada ya kupima vema, hasara yake huwa ndogo kuliko ya yule aliyefuata kelele za watu.