Usitupe negativu za babu

Sura pekee ya babu tuliyobaki nayo nyumbani Tunduru imo kwenye negativu moja ya inchi 4 kwa 5, ndani ya kopo la biskuti. Picha yenyewe ililiwa na mchwa. Nilipoipeleka negativu steshenari, ilitoka karibu nyeusi yote.

Skana ya ofisini humulika kutoka chini, wakati negativu inataka mwanga upite ndani yake. Kwa hiyo ukienda kununua, funua kifuniko kwanza: lazima kiwe na taa yake. Kisha pima upana wa taa hiyo. Epson V600 ina bei nafuu, ila taa yake ni nyembamba. Negativu kubwa kama yetu haienei. V700, V800 na V850 zinatosha, na V700 ya mtumba ndiyo ningeitafuta. Usihangaishwe na idadi ya nukta: 1,200 kwa inchi zinakupa picha safi ya inchi 16 kwa 20.

Kama hata mtumba haushikiki mpaka korosho ziuzwe, washa tableti yenye ukurasa mweupe, inua negativu kidogo juu ya kioo, piga kwa simu, halafu geuza rangi kwa programu ya picha.

Tahadhari ya afya: negativu inayonuka siki inaoza. Mvuke wake huwasha macho na kusumbua wenye pumu. Ifanyie kazi barazani, vaa glavu, itenge na nyingine, na uanze na hiyo.

Ya babu imeshaanza kunuka. Jumamosi hii tunaipiga kwa simu ya dada.