USIMLISHE NG'OMBE MASHUDU YENYE UKUNGU



Siku moja wakati wa masika, bibi mmoja alimleta mjukuu wake kituoni kwetu. Mtoto alipokwisha kutazamwa, bibi akaniuliza, "Mwanangu, nimeuziwa gunia la mashudu kwa bei rahisi. Yamefanya ukungu. Lakini anayekula ni ng'ombe, si mimi. Kuna ubaya?"

Nikamjibu, "Upo, bibi. Ng'ombe akila sumu, mjukuu wako ataikuta katika maziwa."

Bibi alishangaa. Labda na wewe umeshangaa.

Mashudu ni nini? Ni makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Hapa Unguja tunayajua sana mashudu ya nazi, yatokanayo na mbata. Ni chakula kizuri cha mifugo. Lakini mbata isipokauka vizuri, au mashudu yakiwekwa penye unyevu, huota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho. Huharibu ini, na mtu akiila kwa muda mrefu huweza kupata saratani ya ini.

Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa. Chemsha maziwa kila siku ili kuua vijidudu. Lakini jua kwamba kuchemsha hakuondoi sumukuvu.

Je, mambo haya yamewahi kutokea? Ndiyo. Mwaka 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumukuvu. Hapa Tanzania, mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Yapo pia mashudu ya mbono. Mafuta ya mbono huweza kuendesha mitambo na magari. Katika miaka ya 2000, makampuni yalianzisha mashamba ya mbono Kisarawe na Kilwa kwa ajili hiyo. Mashudu yake ni sumu hata yakiwa makavu na safi. Kuyachemsha hakuyafanyi kuwa chakula. Yafanye mbolea au kuni, usimpe mnyama.

Wewe unayekamua na kuuza mashudu, fanya hivi:

1. Kausha mbata sawasawa kabla ya kukamua.
2. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.
3. Usichanganye mashudu mabovu na mazuri.
4. Mashine iliyokamua mbono isikamue nazi kabla ya kusafishwa vizuri.
5. Mwambie mnunuzi mashudu hayo ni ya mbegu gani.

Na wewe mfugaji, usione haya kuuliza. Haya ni ya mbegu gani? Yamekamuliwa lini? Fungua gunia, tia mkono mpaka ndani, kisha nusa. Ukiona ukungu, ukisikia harufu ya uvundo au ukihisi unyevu, usinunue. Usiseme, "Nitawapa kuku." Kuku nao hudhurika.

Bibi yule alikwenda kulifukia gunia lake. Alipata hasara, ndiyo. Lakini gunia la mashudu hununuliwa tena. Ini la mtoto halinunuliwi.

Kinga ni bora kuliko tiba.