Sifuri na Zero ni Ndugu

Tangu serikali ya Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, maneno ya hesabu yametutisha wengi kuliko hesabu zenyewe. Kumbe baadhi yake si wageni. Zero, kama sifuri yetu, lilitoka katika neno la Kiarabu sifr, yaani tupu; ila lilipitia Italia. Algebra ni al-jabr, maana yake kuunga kilichovunjika. Neno hilo limo katika jina la kitabu alichoandika al-Khwarizmi huko Baghdad, yapata mwaka 820. Katika x − 3 = 7, x imepungukiwa 3; tukizirudisha pande zote mbili, x ni 10. Basi, tusikariri neno kabla ya kuuliza maana yake.