Supu ya mboga ya Kimeksiko: Punguza chumvi, ladha ibaki

Daktari akikuambia upunguze chumvi, huenda wazo la kwanza litakalokujia ni kwamba raha ya kula imekwisha. Siku mbili tatu za mwanzo utajikaza, ule mboga zilizochemshwa tu. Siku ya nne utanyoosha mkono, uchukue kikopo cha chumvi, na mambo yarudi yalivyokuwa.

Jambo hili si la mzaha. Uchunguzi uliofanywa humu nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu usipodhibitiwa huleta kiharusi, huuchosha moyo na kuharibu figo. Aghalabu hauna dalili zozote hadi madhara yawe yametokea.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima ale chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, tena kisichojaa sana. Kumbuka kwamba hesabu hiyo inajumlisha chumvi usiyoiona, kama ile iliyomo katika mkate, soseji, vitafunio vya pakiti na vile vidonge vya kukoleza mchuzi ambavyo wengi wetu hatuwezi kupika bila kuvitia.

Je, inawezekana kula chakula chenye chumvi kidogo na bado ukafurahia? Naam, inawezekana. Mfano mzuri ni supu ya mboga zilizosagwa inayopikwa kwa mtindo wa watu wa Meksiko. Ladha yake haitokani na wingi wa chumvi, bali hutokana na mambo manne: mboga kuchomwa kabla ya kupikwa, ukali wa pilipili, uchachu wa ndimu na harufu ya majani mabichi ya dania.

Vyakula vilivyotoka mbali

Huenda ukadhani chakula cha Meksiko ni kigeni kabisa kwako. La hasha. Mahindi tunayosaga ili kupika ugali yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Pilipili, nyanya, malenge na avokado pia asili yake ni bara la Amerika. Hata jina avokado limetokana na neno ‘ahuacatl’ la Kinahuatl, lugha iliyozungumzwa na Waazteki. Kwa upande mwingine, vitunguu, ndimu, dania na bizari nyembamba vilipelekwa huko na Wahispania. Mwaka wa 2010, shirika la UNESCO liliyaweka mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya turathi za binadamu.

Kwa hivyo, karibu kila kitu unachohitaji kinapatikana katika soko lililo karibu nawe. Kinachotofautiana ni namna ya kupika. Mpishi wa Meksiko huanza kwa kuchoma nyanya, pilipili na vitunguu juu ya bamba la moto liitwalo ‘comal’ hadi maganda yawe na madoa meusi. Kuchoma huko hukausha maji na kuifanya ladha ya mboga iwe nzito na tamu. Wewe unaweza kutumia kikaango cha kawaida.

Kwa nini pilipili huwasha?

Pilipili ina kemikali iitwayo kapsaisini. Kemikali hii hugusa mishipa ileile ya fahamu inayotambua joto kali, ndiyo sababu ubongo hudhani mdomo unaungua na mwili ukaanza kutoa jasho. Mtaalamu David Julius na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha California, Marekani, waligundua jambo hilo mwaka wa 1997, na mwaka wa 2021 alikuwa mmoja wa wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sehemu iliyo kali zaidi si mbegu, kama wengi wanavyoamini, bali ni ule utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo. Ukiuondoa, ukali hupungua sana. Na iwapo umezidiwa, usikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki katika maji. Kunywa maziwa au kula mtindi.

Mwaka wa 2017, watafiti wa Uchina waliripoti kwamba watu waliopenda vyakula vyenye pilipili walikula chumvi kidogo kuliko wasiovipenda, na shinikizo lao la damu lilikuwa chini. Hii haimaanishi kwamba pilipili ni dawa ya shinikizo la damu. Ni kwamba ukali wake unaweza kuufanya ulimi usiitamani chumvi sana.

Mahitaji

Supu hii inatosha watu wanne. Utahitaji:

• Nyanya 6 zilizoiva vizuri
• Pilipili hoho 2 nyekundu, yaani zile kubwa zisizowasha
• Pilipili kali 1 au 2
• Kitunguu 1 kikubwa
• Punje 4 za kitunguu saumu
• Karoti 2
• Vikombe 2 vya malenge yaliyokatwa vipande vidogo
• Kikombe 1 cha punje za mahindi mabichi yaliyochemshwa
• Kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba
• Vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia
• Lita 1 ya maji
• Nusu kijiko cha chai cha chumvi
• Ndimu 2, fungu dogo la dania na avokado 1

Namna ya kupika

Kata kitunguu vipande viwili. Weka kikaango kikavu motoni, kisha upange nyanya, hoho, pilipili kali, kitunguu na punje za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake. Fungua dirisha kwani moshi wa pilipili hukohoza. Geuza mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15. Pilipili kali na kitunguu saumu huwahi kuiva, hivyo viondoe mapema. Unachotafuta ni madoa meusi, si makaa. Vikiungua kabisa, supu itakuwa chungu.

Funika hoho katika bakuli kwa dakika 10, kisha umenye maganda yake na utoe mbegu. Menya kitunguu saumu na nyanya. Pasua pilipili kali, utoe utando mweupe, na uiweke kando.

Katika sufuria, pasha mafuta moto kidogo na utie bizari. Ikianza kunukia, ongeza karoti zilizokatwakatwa na malenge, ukoroge kwa dakika 5. Tia maji, nusu ya mahindi, kisha funika na uache vichemke kwa dakika 20 au hadi karoti zilainike. Ongeza mboga ulizochoma isipokuwa pilipili kali, uchemshe dakika 5 zaidi, kisha uepue.

Sasa iache supu ipoe kwa muda wa robo saa. Isage katika blenda hadi iwe laini. Iwapo una watoto, watolee sehemu yao sasa. Kisha chukua kikombe kimoja cha supu iliyobaki, ukisage pamoja na pilipili kali, na urudishe sufuriani kidogo kidogo huku ukionja. Ukishafikia ukali unaoutaka, ipashe tena moto hadi ichemke. Tia chumvi mwishoni. Nusu kijiko kikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja atapata chini ya gramu moja.

Epua, kamua ndimu, kisha unyunyize dania. Usichemshe tena baada ya hapo, kwani moto hupoteza harufu ya dania na vitamini C iliyo katika ndimu. Pambia kila bakuli kwa mahindi yaliyosalia na vipande vya avokado.

Tahadhari na blenda

Watu wengi wameungua kwa kusaga supu ikiwa bado inachemka. Mvuke hujaa ndani ya blenda, ukakirusha kifuniko, na supu ikamrukia mpishi usoni. Usijaze blenda kupita nusu. Ikiwa kifuniko kina kitundu cha juu, kiache wazi na ukifunike kwa kitambaa safi ili mvuke utoke. Anza kwa mwendo wa polepole huku ukikishikilia kifuniko.

Wewe usiye na blenda usivunjike moyo. Kabla ya mashine hizi kuvumbuliwa, wapishi wa Meksiko walisaga kwa kinu cha mawe kiitwacho ‘molcajete’. Unaweza kutumia kinu cha kawaida au kuziponda mboga kwa mwiko.

Baada ya kushika pilipili, paka mikono mafuta ya kupikia kidogo, kisha uioshe kwa sabuni. Usijiguse macho wala usimshike mtoto mchanga kabla ya kufanya hivyo.

Faida kwa mwili

Usiichuje supu baada ya kuisaga. Kusaga hakuondoi nyuzinyuzi za mboga, lakini kuchuja hutupa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo ambazo husaidia choo kutoka vizuri na kupunguza kolesteroli mwilini. Supu laini pia huwafaa wazee wasio na meno na mgonjwa asiyeweza kutafuna, ingawa yeye asitiliwe pilipili.

Vile vijiko viwili vya mafuta na avokado si anasa. Chembechembe za rangi ya manjano zilizomo katika karoti na malenge, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta ili zifyonzwe. Hali kadhalika laikopeni, ile inayoipa nyanya wekundu wake, hufyonzwa vyema zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta.

Ukitaka supu hii iwe mlo kamili, ongeza kikombe cha maharagwe yaliyoiva. Kumbuka kutotia vidonge vya kukoleza mchuzi, la sivyo utakuwa umeirudisha chumvi kwa mlango wa nyuma.

Nani anapaswa kujihadhari?

Wengi huamini kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo. Huo si ukweli. Vidonda vingi husababishwa na bakteria waitwao Helicobacter pylori, au matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kugundua bakteria hao na madhara yao tumboni. Hata hivyo, ikiwa tayari una vidonda au kiungulia, pilipili na uchachu wa ndimu vinaweza kukuongezea maumivu. Ipike bila vitu hivyo, na umwone daktari.

Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari kwanza. Nyanya, malenge na avokado vina madini mengi ya potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa mwilini.

Na wewe unayemeza dawa za shinikizo la damu, usiache kuzimeza kwa sababu umeanza kula vizuri. Chakula hiki ni msaidizi wa dawa, wala si badala yake. Ni daktari pekee atakayeamua kama dozi ipunguzwe.

Supu ikibaki, iweke kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu iepuliwe, uile ndani ya siku tatu, na uichemshe hasa kabla ya kuila.

Mara ya kwanza huenda ukaona chumvi haitoshi. Vumilia. Ulimi huzoea, na baada ya majuma machache chakula ulichokuwa ukikila zamani ndicho kitakachokushinda kwa chumvi. Kabla ya kufika huko, ukiona kuna kitu kimepungua katika bakuli lako, kamua ndimu tena kabla ya kugusa kikopo cha chumvi.